Mjadala: Bahari ichorwe ukutani, au tufunguliwe njia za kuifikia?

Mwanzisha mada, Majengo
Asalaamu alaikum. Mwaka 2018 kaunti ya Mombasa iliamuru majumba ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, ingawa wengine tuliuona kama umevishwa sare ya shule. Kwa nini kuta hizo wasipewe vijana wachore bahari? Sisemi nyangumi wa kuiga mtandaoni. Nasema dema la kutegea samaki, kasa anayepanda kutaga, mikoko ya Tudor. Sanaa na bahari kwetu si jambo geni. Majahazi ya Lamu yana macho kwenye omo, yaani sehemu ya mbele. Na ile Flipflopi (jahazi) iliyoundwa hukohuko kwa taka za plastiki, ikavishwa ndara kama 30,000, mwaka 2019 ilisafiri hadi Unguja, na kila ilipotia nanga watu walitaka kujua imeundwaje. Hotuba gani ya mazingira iliwahi kuvuta watu hivyo?

Binti wa mvuvi, Likoni
Kaka, ukuta upi? Kuta nyingi za upande wa maji ndizo zilizotufungia bahari. Katiba ya 2010, ibara ya 62, yasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Haya, ifikie. Kichochoro walichopita kina baba na nyavu begani leo kina geti, na bawabu akuuliza waenda kwa nani. Ukinichorea pomboo kwenye ukuta huo, wanicheka. Ukitaka kuchora, chora mshale, uandike: njia ya diko, wanaposhukia wavuvi.

Fundi wa chokaa, Mji wa Kale
Mie nina la kazi yangu tu. Nyumba za huku ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wapumua. Ukiupaka rangi ya mafuta, unyevu na chumvi havina pa kutokea. Plasta yavimba, ukiigonga kwa kidole yalia tupu, kisha yaanguka vipande vipande pamoja na samaki wako. Kazi kama hizo nimezikwangua sana. Anayetaka kuchora huku atie rangi kwenye chokaa, na akubali itapauka. Kuta za saruji za Kisauni, chora utakavyo.

Mwalimu, Changamwe
Dada wa Likoni ana haki, lakini kesi za mageti huchukua miaka, na mtoto wa darasa la tano hangoji. Wanafunzi wangu wako karibu na hori la Makupa, na wengi walilijua kwa harufu ya jaa la taka la Kibarani lilipokuwapo. Nipeni ukuta mmoja wa shule. Nitachoresha samaki, changu, tafi na kolekole, kila mmoja na jina lake, kisha mwezi mchanga na mwezi mpevu, na chini yake bamvua, maji makubwa, lifikapo. Katikati, maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.

Binti wa mvuvi, Likoni
La mwezi nalikubali, Mwalimu. Ila mchoraji awaulize wavuvi kwanza, nao walipwe kama anavyolipwa yeye. Si kuitwa siku ya kupigwa picha.

Mwanzisha mada, Majengo
Alipe nani? Kampuni ikitoa rangi, itataka nembo yake iwe kubwa kuliko kasa.

Fundi wa chokaa, Mji wa Kale
Basi kaunti. Halafu kasa atakuwa na sura ya mheshimiwa.