Mawakala wa domeni, acheni kujiandika wamiliki wa majina ya wateja!

Wakuu, salamu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za hosti, ni jambo jingine kabisa.

Kuna tabia kwenye biashara ya domeni za nchi (majina ya tovuti yanayoishia na herufi mbili za nchi, kama .tz) inayonichefua. Mteja analipia jina la kampuni yake, fundi wa tovuti au wakala anakwenda kusajili, halafu kwenye sehemu ya mmiliki anajaza jina lake mwenyewe na imeli yake mwenyewe. Mteja anakaa miaka akijua jina ni lake. Siku akitaka kuhama ndipo anagundua kwamba mbele ya masjala (taasisi inayotunza orodha ya majina yote ya domeni ya nchi hiyo) yeye hatambuliki, anaanza kuitukana masjala. Masjala inamtambua aliyeandikwa. Ungetaka ifanyeje?

Na asije mtu hapa na ule wimbo wa "mshtaki ICANN", yaani shirika linaloratibu majina ya domeni duniani. Herufi mbili za domeni ya nchi zinatoka kwenye orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, ISO 3166-1, IANA (kitengo kilicho chini ya ICANN) inaikabidhi domeni kwa masjala, na tangu hapo masjala inajiwekea kanuni zake za usajili. Ile kanuni ya ICANN ya wakala kutoa msimbo wa kuhamisha (nenosiri la kupeleka jina kwa wakala mwingine) ndani ya siku 5 ni ya .com, .org na wenzao. Zile siku 30 za kukomboa jina lililokwisha kufutwa, vilevile. Kwenye domeni ya nchi unasoma kanuni za masjala husika, hata kama zinachosha.

Zipo masjala zilizojipanga. DENIC, wanaosimamia .de ya Ujerumani, wana kitu kinaitwa AuthInfo2: wakala wa zamani akigoma kutoa msimbo, wakala mpya anauomba DENIC, nao wanautuma kwa barua ya posta kwa mmiliki. Safi sana. Ila barua inakwenda kwa nani? Kwa aliyeandikwa! Kama ni yule fundi, umempelekea mwizi ufunguo mwingine.

Kwa hiyo angalieni leo. Fungua WHOIS (huduma ya kutazama taarifa za usajili wa jina) ya masjala yenyewe, achana na tovuti za pembeni maana nyingine zinaonyesha kumbukumbu za zamani. Masjala ikificha jina la mmiliki kwa sababu za faragha, iandikie uulize utaratibu wa kuthibitisha. Imeli ya mmiliki isiwe ya domeni hiyohiyo. Domeni ikifa na imeli inakufa, na kiungo cha kubadili nenosiri kinatumwa kaburini.

Tarehe ya kuisha nayo itazame. Umetoka kulipa miaka 3 na WHOIS inasema inaisha mwakani? Wakala amelipia mwaka 1, hela nyingine anaizungusha. Masjala nyingi hukata ada kwenye salio aliloweka wakala mapema, likikauka, risiti yako haiokoi jina.

Halafu humohumo kwenye WHOIS kuna mistari ya hali (Status), ambayo watu wanairuka. Neno la mwanzo ndilo linalokuambia nani kafunga: client ni wakala, server ni masjala. clientTransferProhibited ni kufuli la kawaida, wakala anaweza kulitoa sasa hivi, hakuna cha "tunasubiri masjala". clientHold ndiyo mbaya: jina limeondolewa kwenye zoni (orodha ya masjala inayoonyesha jina liko kwenye seva zipi), tovuti na imeli vinazimika hata kama hosti umelipia yote. Wakala akikwambia "ni tatizo la mtandao" na hapo pameandikwa clientHold, anakudanganya mchana kweupe.

Wanaohama salama nao wanaharibiwa mwishoni. Kama domeni ina DNSSEC (saini za kuthibitisha kwamba majibu kuhusu jina ni ya kweli), wakala mzembe anabadili seva za majina (zinazojibu jina linaelekea wapi) na kuiacha rekodi ya DS (alama ya ufunguo wa saini hizo) ya zamani kule juu kwa masjala. Matokeo yake ni tovuti kufunguka kwa huyu na kugoma kwa yule, kwa sababu vitatuzi (seva zinazomtafutia mtumiaji anwani ya jina) vinavyohakiki saini, mfano 8.8.8.8 ya Google, vinarudisha SERVFAIL (jibu la kushindwa), na visivyohakiki vinapitisha tu. Utaambiwa usubiri saa 48. Hata usubiri mwezi haitapona. Utaratibu ni kuondoa DS kwanza, kusubiri TTL yake, yaani muda ambao vitatuzi huikumbuka, iishe (amri ya dig DS pamoja na jina lako itakuonyesha sekunde), ndipo ubadili seva. Zile za zamani ziache zikijibu kwa siku mbili hivi. Seva mpya zikitulia, weka DS mpya. Kazi ndogo, lakini wanaona uvivu.

Mawakala mnaosoma hapa, najua utetezi wenu: mnajiandika "ili kumrahisishia mteja", kwa kuwa hajui mambo ya seva. Fomu ya usajili ina sehemu ya mawasiliano ya kiufundi. Jiandikeni hapo.