Majirani Wenye Magari (Tabata): redio, kamera na taa za IST

Salma: Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nataka kuongeza vitu vitatu kwenye Toyota IST yangu: redio ya Android yenye kamera ya nyuma, spotilaiti mbili za bampa, na spesa za kunyanyua gari. Fundi kataja laki tatu na nusu, ufundi tu, vifaa juu yangu. Nifunge mwenyewe au nilipe? Bisibisi na koleo ninazo.

Mzee Kimaro: Marahaba mwanangu. Hizo ni kazi tatu tofauti, usizipe jibu moja.

Fundi Rajabu: Dada Salma, spesa usiziguse. Springi ya mbele imebanwa kwenye shokapu. Ukilegeza nati ya juu bila vibano vya springi inaruka, na ikikupata mkononi ni hospitali. Halafu ukimaliza lazima alaimenti (kunyoosha matairi), taa za mbele zishushwe maana gari likinyanyuka zinaangalia juu, na hosi za breki pamoja na waya wa ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki) zisivutike. Shafti nazo zinakaa kwa pembe kali, mpira wake unachakaa mapema. Lipa.

Deo: Fundi anavutia kwake 😄

Fundi Rajabu: Ningevutia kwangu ningemwambia alete na redio. Redio afunge mwenyewe.

Mama Neema: Na nati za matairi wakimaliza?

Fundi Rajabu: Toyota ndogo hizi zinakazwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa spana ya kipimo, siyo kwa kusimama juu ya spana. Ukitembea kama kilomita 100 unazikaza tena.

Salma: Sawa, spesa gereji. Redio je?

Baba Irene: Redio ni kazi ya saa mbili tatu ukiwa na plagi sahihi. Usikubali mtu akate plagi ya gari. Nunua hanesi (fungu la waya lenye plagi) ya Toyota, ile ya plagi mbili, moja pini 10 na nyingine pini 6. Upande mmoja unaingia kwenye gari, mwingine kwenye redio, hukati waya hata mmoja. Siku ukiuza gari unarudisha redio ya zamani.

Baba Irene: Kwenye waya za redio mpya kumbuka tatu. Njano ni moto wa kudumu kutoka betri. Nyekundu ni moto wa ACC, unakuja ukizungusha ufunguo. Nyeusi ni ethi, yaani hasi inayorudi kupitia bodi ya gari. Spika ni jozi nne: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Ule wenye mstari mweusi ndiyo hasi ya kila jozi.

Deo: Si unaunganisha njano na nyekundu pamoja tu? Redio inawaka.

Baba Irene: Inawaka, ndiyo. Na hailali. Ukiziweka zote kwenye moto wa kudumu redio inakula betri usiku kucha. Ukiziweka zote kwenye ACC, kila ukizima gari inasahau saa, stesheni na mipangilio yote.

Fundi Rajabu: Piga hesabu hapo. Redio isiyolala ikivuta ampea 0.3, kwa saa 24 ni Ah 7.2 (ampea mara saa). Siku tatu ni karibu Ah 22. Betri ya Ah 40 imepoteza zaidi ya nusu, starta haizunguki. Halafu mtu anakimbilia kununua betri mpya.

Salma: Nitajuaje imelala?

Fundi Rajabu: Maltimita, yaani kipima umeme. Zima gari, toa ufunguo, funga milango, subiri nusu saa. Fungua terminali ya hasi ya betri, weka maltimita kati ya terminali na nguzo ya betri, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la 10A. Isome chini ya ampea 0.05. Ila usiwashe gari maltimita ikiwa hapo katikati, utachoma fyuzi yake.

Mama Neema: Redio za Kijapani zilizokuja na gari stesheni nyingi hazishiki.

Baba Irene: Kwa sababu FM ya Japani inaanzia 76 na redio nyingi za huko zinaishia 90. Za kwetu zinakwenda hadi 108. Ukifunga ya Android ukaona nayo inagota 90, usiirudishe dukani. Ingia kwenye mipangilio ya redio ubadilishe eneo, weka Ulaya.

Mzee Kimaro: Kabla hajabandua dashibodi mwambieni habari ya eabegi.

Fundi Rajabu: Kweli mzee. Dada, zima swichi, toa hasi ya betri, subiri sekunde 90 ndipo uanze. Plagi na waya za njano, zile za plastiki ya njano kali, ni za eabegi. Usizichomoe, usizipime kwa maltimita. Ukitaka kubadili usukani au kuweka vitufe vya usukani, hapo lipa.

Fundi Rajabu: Bisibisi ya chuma itachana plastiki. Tumia vifaa vya plastiki vya kubandulia, au mwiko wa plastiki wa jikoni uliofungwa kitambaa. Vuta karibu na klipu, siyo katikati ya paneli.

Mama Neema: Mwiko wangu msije kuazima 😂

Baba Irene: Kamera: moto wake unatoka kwenye taa ya rivasi, ethi kwenye bodi. Ule waya mrefu wa picha una kawaya kadogo kekundu kamejishikiza pembeni, huku na kule. Mafundi wengi wanakakata. Ndiko kanakoiambia redio kwamba gia ya nyuma imeingia. Upande wa nyuma kaunge na moto wa taa ya rivasi, upande wa mbele na waya wa redio ulioandikwa BACK au REVERSE. Bila hako, picha haiji yenyewe.

Baba Irene: Waya upitie kwenye ule mpira uliojikunja kati ya bodi na mlango wa buti. Acha ulegevu kidogo, fungua na kufunga mlango mara kumi ukiuangalia. Ukikazwa sana unakatikia ndani ya mpira baada ya miezi michache, na hutaona ulipokatika. Na kamera ina vitanzi viwili vya waya: kimoja kinageuza picha, kingine kinaondoa mistari ya kuegesha. Soma karatasi yake kabla ya kukata, maana ukishakata ni kuunga tena.

Salma: Nimeelewa. Spotilaiti?

Deo: Spotilaiti za nini, weka balbu za wati 100 kwenye taa zako, umemaliza.

Fundi Rajabu: Acha hiyo. Balbu ya H4 ya kiwanda, ile ya taa za mbele, ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Wati 100 ni ampea 8 na ushee kwa balbu moja badala ya 5, kupitia waya uleule na swichi ileile. Soketi ya plastiki inayeyuka, kioo cha ndani kinababuka. Na mwanga haulingani na kikombe cha taa, unampiga dereva wa mbele usoni.

Fundi Rajabu: Sasa spotilaiti. Mbili za halojeni za wati 55 ni wati 110, gawa kwa volti 12, unapata ampea 9.2. Hiyo usiipitishe kwenye swichi ya dashibodi. Unahitaji rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya pini nne ya ampea 30 au 40, kishikio cha fyuzi, fyuzi ya 15 (ya bluu), waya wa mm² 2.5 wenye nyuzi nyingi, na waya mwembamba wa swichi.

Deo: Waya wa nyumba wa 2.5 si upo?

Fundi Rajabu: Ule ni uti mmoja mgumu. Kwa mtikisiko wa gari unakatika. Na hata wa nyuzi nyingi ukwangue kwa wembe dukani: nje rangi ya shaba, ndani nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapasha moto na kuoza. Rudisha.

Fundi Rajabu: Pini za rilei zimeandikwa chini yake. 30 ni moto kutoka betri, ukipitia fyuzi. 87 inaenda kwenye taa. 86 inatoka kwenye swichi. 85 ethi. Ukipewa ya pini tano, ya katikati ni 87a, iache wazi. Wengi wanafunga taa hapo, matokeo yake zinawaka ukizima swichi na kuzima ukiwasha. Na rilei yenye diodi ndani (inapitisha umeme upande mmoja tu) usigeuze 85 na 86.

Mzee Kimaro: Fyuzi ikae wapi?

Fundi Rajabu: Sentimita 15 kutoka betri, isizidi 20. Fyuzi inalinda waya, taa si kazi yake. Ikiwekwa karibu na taa, kipande kirefu kutoka betri hakina ulinzi. Kikichubuka kwenye ukingo wa bati unapata moto kwenye boneti huku fyuzi nzima kabisa.

Baba Irene: Ethi nayo. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga terminali ya duara kwa bolti, kisha paka grisi juu. Juu ya rangi taa zinafifia au kucheza, mtu anabadilisha rilei tatu bure.

Baba Irene: Na maungio: zile klipu za bluu za kubana juu ya waya hapana, unyevu unaingia na waya unapata kutu ya kijani. Tepu ya umeme kwenye boneti kwa joto hili la Dar gundi inayeyuka, inajifungua yenyewe. Bana kwa terminali, funika kwa mrija unaonywea ukipashwa moto.

Salma: Na swichi ipate moto wapi?

Fundi Rajabu: Kwenye fyuzi ya ACC au IG (moto unaokuja ufunguo ukiwa ON), kwa kile kidude cha kuchomeka kwenye boksi ya fyuzi chenye nafasi mbili. Rilei inavuta kama ampea 0.2 tu, waya mwembamba unatosha. Ukitoa ufunguo taa zinazima hata ukisahau swichi. Wengine tunauchukua kwenye waya wa fulu, ukishusha dimu spoti zinazima zenyewe. Trafiki hatakusumbua na wa mbele hatakutukana.

Mzee Kimaro: Kwenye Hilux yangu hiyo ya fulu haikubali. Rilei haitulii.

Fundi Rajabu: Mzee, Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani swichi ya taa inakata ethi, haikati moto. Waya wa fulu ndio unaoshuka kwenye ethi. Hapo 86 unaipa moto wa IG, 85 ndiyo unaifunga kwenye waya wa fulu. Pima kwanza soketi ya taa, usibahatishe.

Mama Neema: Mimi sina muda wa haya yote, nitalipa. Nikague nini asinidanganye?

Baba Irene: Mama Neema, mwambie akuonyeshe fyuzi ilipo. Ichomoe, taa zizime. Akisema hakuna haja ya fyuzi, usimlipe. Washa taa dakika 15 gari likiunguruma, shika rilei na waya: vuguvugu sawa, ukishindwa kushika si sawa. Kisha pima volti kwenye betri, pima na kwenye taa. Tofauti ikizidi 0.5, waya ni mwembamba au ethi mbaya. Mwisho angalia taa ya ABS na ya eabegi kwenye dashibodi zizime ukiwasha gari.

Fundi Rajabu: Na simama pale akifanya. Fundi mzuri hakatazi.

Salma: Basi redio na kamera Jumamosi nafunga mwenyewe, spoti na spesa nalipa. Nani ana maltimita ya kuazima?

Baba Irene: Ninayo. Njoo na betri ya volti 9, iliyomo imechoka, jana ilisoma betri nzima ya gari volti 14.9 likiwa limezimwa.