Mashine ina Windows na Ubuntu, kuna siku inawaka, kuna siku inagoma. Nifanyeje?

Kijana_Mabibo
Wakuu habari za jioni. Laptopu yangu ina Windows 10 na Ubuntu (ile Linux). Asubuhi nikiiwasha inaishia kwenye skrini nyeusi imeandikwa grub rescue>, hata Windows siioni. Nikizima na kuwasha tena, mara inakubali, mara inagoma. Ikishawaka hainisumbui tena siku nzima. Kazi ya chuo natakiwa kuikabidhi Ijumaa na imo humo humo. Sijabadilisha chochote. Msaada, usingizi sipati.

Mzee wa Pengwini
Windows hiyo, usihangaike. Apdeti yao ya Agosti 2024 iliwafungia watu Linux, wakawa wanakutana na ujumbe wa kosa wa SBAT (ukaguzi wa programu za kuwashia). Futa, baki na Ubuntu. Mimi tangu niachane nayo hata ndoa imetulia.

Dada Nukta
Yangu ilikuwa kila nikitoka Linux, saa ya Windows inarudi nyuma saa tatu. Nikakosa usaili wa mtandaoni, nilijua bado mapema. Kumbe Linux inaandika saa ya UTC (saa ya dunia, ipo nyuma ya yetu saa tatu) kwenye mashine, Windows inaisoma kama saa ya hapa Dar. Ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1. Najua hukuuliza.

Bisibisi
Mzee, ya 2024 ilihusu Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), na ingegoma kila siku, isingechagua asubuhi. Mleta mada, ikigoma andika ls (inaorodhesha diski) halafu Enter. Inaleta nini? Na Ubuntu ipo diski ipi?

Kijana_Mabibo
Inaleta (hd0), yaani diski ya kwanza, na patisheni (vigawanyo) zake mbili. Ubuntu ipo diski ya ndani.

Bisibisi
Ndani wapi? Diski ziko ngapi?

Kijana_Mabibo
Mbili. Windows ipo kwenye SSD (diski isiyozunguka). Ubuntu ipo kwenye HDD (diski ya kuzunguka) ya zamani, niliitoa kwenye mashine mbovu nikaiweka palipokuwa na DVD, kwa kile kibebeo cha elfu kumi na tano. Ila hiyo ni mwezi uliopita, sidhani inahusika. Fundi ameshaiona, kasema mazabodi. Nimempa kianzio.

Dada Nukta
"Sijabadilisha chochote" 😂😂

Bisibisi
Ndiyo yenyewe. HDD iliyolala usiku kucha inahitaji sekunde kadhaa ishike mzunguko, na BIOS (programu ya mashine inayotafuta diski ikiwaka) haina subira. Kipande cha kwanza cha GRUB, ile programu ya menyu ya kuchagua Windows au Ubuntu, kipo kwenye SSD, kilichobaki kipo kwenye HDD. HDD ikichelewa kuonekana, GRUB inakwama katikati, na Windows inakwama nayo kwa sababu menyu yao ni moja. Ikigoma usizime, bonyeza Ctrl+Alt+Delete, diski itakuwa tayari inazunguka. Ukiona (hd1), yaani diski ya pili, imejitokeza, mazabodi haina kosa. Hapo kopi kwanza kazi yako kwenye flashi, pima afya ya hiyo HDD kwa programu ya smartctl, kisha tenga kama GB 1 kwenye SSD, hamishia /boot (folda ya mafaili ya kuwashia Ubuntu) huko, usimike GRUB upya. Hakuna cha kununua.

Kijana_Mabibo
Nashukuru mkuu, ila kugusa patisheni naogopa. Na fundi ni mtu wa dini, ananijua tangu mdogo, hawezi kunidanganya. Kianzio chenyewe hakirudi.

Mzee wa Pengwini
Dini na mazabodi wapi na wapi? Vijana mkishatoa hela hamsikii tena.

Mtazamaji
Samahani wakuu. Wiki iliyopita akaunti hii hii iliweka tangazo: laptopu safi, diski mbili, haijawahi kufunguliwa, laki nne. Leo ina kibebeo, inagoma, na ina kazi ya chuo. Hii chai.

Kijana_Mabibo
Lile tangazo ni la kaka, akaunti tunatumia wote. Mashine yake ni nyingine.

Dada Nukta
Nayo ina diski mbili? Ukoo mzima mnatembea na diski mbili mbili?

Kijana_Mabibo
Turudi kwenye mada tafadhali. Nimebonyeza Ctrl+Alt+Delete, kweli (hd1) imetokea na imewaka. Ila kesho naipeleka kwa fundi hivyo hivyo, tulishaongea.

Mtazamaji
Fundi akishathibitisha mazabodi imekufa, nipigie. Natoa laki na nusu, kaka awe na taarifa.