Naomba ushauri: kurekodi dramu kwa maiki tatu, albamu ya kwanza ya blues-rock

Wakuu, salaam. Tunataka dramu zenye hewa kama za albamu ya kwanza ya bendi ya Led Zeppelin (1969), iliyorekodiwa Olympic Studios, London, kwa takriban saa 36, fundi mitambo akiwa Glyn Johns.

Tutatumia mpangilio wa maiki wa Johns. Maiki moja juu ya snea (dramu ndogo ya katikati yenye mlio mkali), sentimita 100. Ya pili kando ya tomu (dramu) kubwa ya chini, ikitazama hai-hati (matoazi mawili ya kukanyagia), nayo sentimita 100 kutoka katikati ya snea. Ya tatu mbele ya kiki (dramu kubwa ya mguu). Umbali tunapima kwa kamba, si kwa macho: ukitofautiana, mlio wa snea unafika kwa nyakati mbili, na ukisikiliza kwa mono (maiki zote zikichanganywa kuwa sauti moja) unakonda.

Tatizo ni dari. Ina mita 2.4, hivyo maiki ya juu inabaki na kama sentimita 75 tu kufika darini, na mwangwi wa matoazi unarudi haraka na kuchafua. Nishushe maiki zote mbili hadi sentimita 80, au nibandike sufi ya mwamba (nyuzi za kufyonza sauti) ya sentimita 10 darini? Kushusha naona kutaikuza snea na kuzimeza tomu.

Pili, mwimbaji. Kwenye albamu ile sauti ya mwimbaji wao, Robert Plant, iliyovuja inasikika kwa mbali. Inapendeza, lakini ikishaingia kwenye maiki za dramu huwezi kurudia kuimba mstari uliokosewa. Aimbe ukumbini kwa hedifoni, au abaki chumbani pamoja na dramu, nyuma ya magodoro? Amplifaya ya gitaa ni ya wati 15, hiyo hainisumbui.