Naomba ushauri: fyuzi zinakatika kila nikiwasha taa kwenye bagi, vitu vyote nimefunga chini ya boneti

Mtoto_wa_Uzi
Assalaam alaykum wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada wa haraka kwa wenye kujua umeme wa magari maana hapa nilipo hata usingizi sipati. Nna bagi, ile side-by-side ya viti viwili ya kutembezea wageni huku Kusini Unguja, nimeifunga vitu vya ziada chini ya boneti: taa ndefu ya LED ya wati 180, winchi, chaja mbili za simu, honi ya lori na muziki kidogo. Rilei (zile swichi zinazowashwa kwa umeme) na fyuzi zote nimezipanga juu ya kipande cha plaiwudi nikakipiga skrubu kule mbele jirani na injini. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Sasa kama siku nne hizi nikiwasha taa fyuzi ya ampea 20 inakatika, nikiweka ya 30 haikatiki ila waya unapata moto, rilei inalia tk tk tk hata swichi nikizima, na asubuhi betri imekufa kabisa. Swali langu ni moja tu, nihamishe kila kitu kwenye boksi la plastiki alafu nilijaze silikoni maji yasiingie, au? Silikoni nishanunua tyubu mbili. Nataka jibu kabla ya Ijumaa.

Kapeto255
Muziki kidogo ndo wati ngapi mkuu?

Mtoto_wa_Uzi
Amplifaya ya 400 tu na spika nne. Kila mtu huku anafunga.

Kapeto255
Mtoto wa Uzi kaleta uzi 😂😂 nakaa hapa na kahawa yangu

BabaNaima
Dah umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa na bajaji Mbagala, nikafunga taa za rangi chini, nikafunga redio, nikafunga na kifeni cha dereva, fundi akaniambia fyuzi hazina maana akachukua ile karatasi ya sigara inayong'aa akaiviringisha akapachika pale. Ikafanya kazi miezi miwili. Siku moja nipo foleni Mtongani abiria mama mmoja ananiambia kaka mbona kunanuka plastiki, nikamwambia mama hilo ni jalala, nikaendelea na safari. Jalala lilikuwa chini ya makalio yangu. Suruali ile mpaka leo mke wangu anaitumia kudekia, ina tundu kama sahani. Kwa hiyo mkuu hiyo ya kuweka 30 acha kabisa.

Mtoto_wa_Uzi
Sijaweka karatasi ya sigara bro, fyuzi zangu ni za dukani. Nauliza kuhusu boksi na silikoni.

Mwl_Mstaafu
Vijana, nisameheni. Ufukwe si ukumbi wa disko. Mtu unaswali alasiri unasikia dum dum dum inapita uchochoroni na wageni wamevaa nguo za ajabu. Na hizo taa mnazomulika usiku pwani mnajua zinapoteza watoto wa kasa? Akitoka kwenye yai hufuata mwanga akidhani ndio bahari, badala ya kushuka majini anapanda juu kwenye barabara. Mngefunga kitu kimoja tu, adabu.

Mtoto_wa_Uzi
Mwalimu shkamoo. Usiku siendi pwani. Taa ni ya msituni.

Chuma_Chakavu
Taa ya msituni, honi ya lori, winchi. Huyu anakwenda vitani au anatembeza Wataliani 😂

FundiRedio
Mimi naona chai hapa. Mosi hakuna picha. Pili umesema umefunga mbele "jirani na injini". Mkuu bagi injini yake iko nyuma ya viti, mbele chini ya boneti unakuta radieta, brekfluidi na nafasi ya kuweka mkoba. Wewe hiyo bagi umeiona kwenye simu.

Mtoto_wa_Uzi
Nimekosea kuandika ni radieta, joto linatoka pale ndo mana nikasema injini. Picha siwezi kuweka kwa sababu zangu.

Kapeto255
"Kwa sababu zangu" 👀

Ami_Bidiya
Sheikh wangu, mie nipo Oman, huku mchangani Bidiya, mwaka wa nane huu nafunga mambo haya haya kwenye bagi za watalii, kwa hiyo tuache mzaha kidogo. Nijibu manne. Waya uliotoa kwenye betri ni wa aina gani na unene gani? Taa na amplifaya vinakula waya mmoja? Fyuzi ya kwanza iko umbali gani na betri? Na la nne ndilo kubwa, ukichomoa rilei pini zake zina rangi gani?

Mtoto_wa_Uzi
Waya ni ule mwekundu wa nyumba, mgumu, milimita 1.5 za mraba. Ndio vyote vinapita hapo, winchi peke yake ndo ina waya zake nene zilizokuja nayo. Betri iko chini ya kiti fyuzi ziko mbele kwenye ubao. Pini zina kijani kijani.

Ami_Bidiya
Haya. Waya wa nyumba ulifanyiwa nyumba, haitikisiki. Ndani una uzi mmoja mgumu, kwenye bagi unavunjikia ndani wewe unaona ganda zima. Taa wati 180 gawa kwa 12 ni ampea 15. Amplifaya 400 ikipigwa kwa nguvu ni 33. Unapitisha hayo kwenye 1.5 alafu unashangaa moto? Fyuzi haiwekwi kwa kuangalia njaa ya mzigo, inawekwa kulinda waya. Na kutoka betri mpaka kwenye ubao una mita karibu mbili za waya ambazo hazina fyuzi yoyote, zinapita chini ya miguu ya mgeni. Ganda likichubuka kwenye chuma pale hakuna cha kukata isipokuwa moto wenyewe. Fyuzi ya kwanza iwe shubiri moja tu na betri.

Lakini hayo yote ulikuwa nayo toka mwanzo na umesema ilifanya kazi. Kijani ndicho kigeni. Hiyo mashine imeingia maji?

Mtoto_wa_Uzi
Naiosha kila siku ndugu yangu, wageni hawapandi chafu.

Ami_Bidiya
Maji ya mpira hayatoi kijani kwa siku nne. Nakuuliza tena kwa heshima.

Zuhura_wa_Bwejuu
Kaka sema tu, hapa hatujuani.

Mtoto_wa_Uzi
Sawa. Iligusa maji ya bahari kidogo. Jumamosi nilikuwa naenda nyumbani kisiwa cha Uzi, si mnaijua ile njia ya mawe ya kupita mikokoni kutoka Unguja Ukuu, maji yakijaa inazama. Nilienda maji yako chini, kurudi yakawa yameanza. Yalifika hapa kwenye boneti. Lakini ilikuwa dakika chache tu na nilipofika ng'ambo niliiosha.

Kapeto255
KIDOGO. Mpaka kwenye boneti. 😂😂😂

BabaNaima
Sasa mkuu hilo si ungesema mstari wa kwanza? Tumeongea suruali yangu bure.

Zuhura_wa_Bwejuu
Na bagi ni yako kweli?

Mtoto_wa_Uzi
Ni ya kazini. Bosi amesafiri anarudi Ijumaa. Lakini vitu vya kufunga alikubali, alisema nifunge taa. Na mimi sikwenda kustarehe, ilikuwa harusi ya mdogo wangu, spika za kukodi ziligoma kuja kwa ajili ya ile njia, ningefanyaje, watu wakae harusini kimya kama msibani? Mtu yeyote hapa angefanya vile vile. Sasa mwenye kujua anijibu, silikoni au sio silikoni?

Mwl_Mstaafu
Amana, mwanangu. Amana.

Chuma_Chakavu
Mwalimu muache kwanza, nataka kujua harusi ilikuwaje. Bagi ndo ilikuwa DJ?

Mtoto_wa_Uzi
Taarabu ilipigwa mpaka saa tisa alasiri. Watu walifurahi mno, hilo siwezi kusema uongo.

Ami_Bidiya
Hongera kwa bwana harusi. Sasa sikiliza. Rilei yako pini yenye namba 30 ina umeme wa betri muda wote. Maji ya bahari yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi hewa ya pwani ikiigusa inarudi kuwa maji maji, haikauki moja kwa moja. Imejenga daraja kutoka 30 mpaka kwenye pini ya koili (ile sumaku inayoiwasha rilei), koili inaamka nusu, inalala, inaamka, ndo hiyo tk tk tk, na ndo inayokunywa betri usiku kucha. Na plaiwudi yako imelowa chumvi, yenyewe sasa ni waya. Fyuzi kukatika nadhani taa nayo imekunywa maji.

Ukijaza silikoni juu ya hayo umeifungia chumvi ndani. Alafu inuse hiyo tyubu. Kama inanuka siki, hiyo ni ya vioo na masinki, asidi yake inakula shaba. Irudishe dukani.

Mzee_wa_Dema
Mie si fundi, mvuvi, nimesoma toka juu mpaka hapa. Huyu kijana anatudanganya. Jumamosi iliyopita mwezi ulikuwa wa nane. Mwezi nane ni maji mafu, bahari haipandi wala haishuki ya maana, na kujaa kwake ni mchana wa saa nne si jioni. Hata dema zangu, mitego ya samaki, sikwenda kuzitazama. Njia ya Uzi kufika maji ya boneti lazima iwe bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, hapo ndo yanajaa alasiri saa kumi kumi na moja. Wewe unasema ni mtu wa Uzi alafu hujui maji?

FundiRedio
NILISEMA. Chai ya rangi. Nikaambiwa nina roho mbaya.

Kapeto255
Aisee mzee kamaliza kesi kwa kutumia mwezi 🙌

Chuma_Chakavu
Kumbe hata harusi hakuna. Na mimi nilishaanza kusikia marimba.

Zuhura_wa_Bwejuu
Kwani anapata nini kudanganya kuhusu rilei jamani?

Ami_Bidiya
Subirini. Maji kufika boneti, mkanda wa CVT, ule unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, lazima ungeteleza. Kijana, ilitembea yenyewe mpaka ng'ambo?

Mtoto_wa_Uzi
Haikutembea. Injini inalia gari haiendi, nikasukumwa na watu sita, mmoja wao baba mkwe wa mdogo wangu kavaa kanzu ya harusi. Winchi nilijaribu nikaikamatisha kwenye mkoko ikavuta kidogo alafu ikanyamaza. Mzee wa Dema haki yako, haikuwa Jumamosi hii. Ni ile ya kabla yake, mwezi mosi. Nilisema siku nne kwa sababu muhasibu wa kazini namuona humu humu na ile wiki bagi iliandikwa kuwa iko gereji.

Mzee_wa_Dema
Mwezi mosi sawa. Hapo maji yanakuja kama yameitwa. Ungeondoka saa nane.

Mtoto_wa_Uzi
Biharusi alichelewa kutoka.

Ami_Bidiya
Basi umenificha siku saba, na siku saba za chumvi ni jambo kubwa. Kumi na moja zote. Kwa siku nne ningekwambia suuza. Sasa shaba imeshakunywa, kutu inapanda ndani ya ganda la waya kama mafuta kwenye utambi. Fanya hivi leo, usingoje kesho.

Toa waya hasi wa betri kwanza. Ng'oa ubao wote tupa. Rilei zote tupa na vishikio vyake, ni bei ya chipsi mayai, usizionee huruma. Waya wa winchi na wa taa kata nyuma kidogo kidogo mpaka uone shaba nyekundu inayong'aa, kama nusu mita umekata na bado nyeusi, badilisha wote. Nunua waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, nenda kwa mafundi wa maboti wanao, milimita 4 za mraba kwa taa peke yake, amplifaya iwe na wake wa 10, kila mmoja na fyuzi yake karibu na betri. Suuza soketi na bodi kwa maji matamu, na nisikie hapo, visima vingi vya pwani vina chumvi vile vile, tumia ya mvua au ya katoni. Kausha kwa upepo.

Kufunga upya, chukua bati la aluminiamu likae kwenye bolti ambazo zipo tayari, usitoboe tena na usifunge kitu kwenye boneti yenyewe, ile plastiki inatoka na inacheza, itavuta waya. Weka vipande vya tyubu ya baiskeli katikati kupunguza mtikisiko. Kaa mbali na radieta. Rilei midomo iangalie chini, na waya ushuke kwanza chini ya rilei ndo upande kuingia, tone la maji lidondoke kabla halijafika. Waya za ati (za hasi) zote zirudi kwenye hasi ya betri, usibane kwenye chuma kilichopakwa rangi. Na amplifaya iwashwe kwa rilei inayofuata swichi ya gari, gari likizimwa na yenyewe izime. Ukishakaza kila kitu ndo upake mafuta ya mgando juu.

Kisha fungua kifuniko cha mkanda umwage maji, na utazame oili. Ikiwa kama maziwa ya chai usiwashe injini.

BabaNaima
Huyu Ami anatoa darasa bure. Nikiwa na bajaji nyingine nakuja Oman.

Zuhura_wa_Bwejuu
Na mwambie bosi kaka. Bora asikie kwako kuliko kwa muhasibu.

Mtoto_wa_Uzi
Bosi ntamwambia, ila ntasema ni mvua.

Mzee_wa_Dema
Mvua gani ya chumvi.

Mtoto_wa_Uzi
Mrejesho wa usiku huu. Nimefungua. Oili safi alhamdulillah. Kwenye kifuniko cha mkanda yametoka maji kama vikombe viwili na jani la mkoko. Rilei moja nimeivunja ndani nyeupe tupu kama umemwaga chumvi ya mezani. Silikoni nimenusa, siki. Duka wamekataa kuichukua. Waya wa bati nimeagiza kwa mtu wa maboti kesho asubuhi. Sasa Ami swali dogo tu, kwa vile nshanunua na iko kwenye boksi lake haijaguswa maji, ile taa ya pili ya wati 180 naweza kuipachika kwenye hiyo hiyo milimita 4?

Ami_Bidiya
Taa ya pili?