Steshenari yangu Mtwara na orodha za wakulima wa korosho: sheria ya taarifa binafsi inanihusu vipi?

BintiMikindani:
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari Mtwara mjini, chumba kimoja, mashine moja ya kopi, printa mbili na kompyuta mbili. Nina miaka sita kwenye kazi hii. Naomba anayeijua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi anisaidie, maana nimeisoma mwenyewe na kuna mahali nimekwama.

Msimu wa korosho ulipoanza, karani wa chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima alikuwa ananiletea flashi nimprintie orodha za wakulima: jina, kijiji, kilo, namba ya akaunti, namba ya simu. Kurasa thelathini, arobaini kwa mara moja. Wiki iliyopita akaja kijana mmoja, amevaa vizuri, akanunua kalamu mbili, akasubiri wateja wapungue. Akaniambia, "Dada, zile orodha najua zinabaki humo kwenye kompyuta. Nipe nakala, nakupa laki mbili." Nikamuuliza za nini. Akasema anataka kuwaeleza wazee habari za mikopo kabla malipo ya mnada hayajaingia. Nikamkatalia. Alipoondoka nikafungua kompyuta, nikazikuta zote zipo, hadi za msimu wa juzi. Sikuwahi kufuta hata moja.

Usiku ule sikulala vizuri, nilimkumbuka mjomba wangu wa Nanyamba. Mwaka jana alipigiwa simu na mtu aliyemtaja majina yake yote matatu, akamtajia chama chake na kilo zake kamili, 612. Akaambiwa malipo yamekwama, atume elfu arobaini na tano akaunti ifunguliwe. Mzee akatuma. Angeachaje kuamini, wakati mtu anajua mpaka kilo? Ukoo mzima tulimsema, tukamwita mzembe, na mimi nilikuwemo. Leo naona tulimwonea. Kuna mtu aliiachia ile karatasi, na huenda ana duka kama langu.

Sasa naomba kujua: duka dogo kama hili natakiwa kulisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Orodha zikivuja, kosa ni la chama au ni langu? Na hawa wanafunzi wanaoomba mikopo HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, wananitumia vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA za kitambulisho cha taifa na picha kwenye WhatsApp ya duka mpaka simu inajaa. Hivyo navyo ni mzigo wangu?

Tehama_Lindi:
Dada, hongera kwa kumkatalia huyo kijana. Nimeshughulikia usajili wa zahanati moja binafsi huku Lindi, kwa hiyo nitakueleza nilichokipitia.

Sheria ni Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kanuni zake zikatoka mwaka huohuo. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Msingi wake ni wa zamani zaidi, maana Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu.

Sheria inatenganisha watu wawili. Mkusanyaji ni yule anayeamua taarifa zichukuliwe kwa ajili gani na zitumikeje. Mchakataji ni yule anayezishughulikia kwa niaba ya mkusanyaji. Kwa orodha za korosho, chama ni mkusanyaji na wewe ni mchakataji. Ulipewa uprinti, basi. Ukibaki nazo, ukazitoa au ukaziuza, umetoka nje ya ulichotumwa, na kosa hilo ni lako mwenyewe hata kama chama nacho kina la kujibu. Lakini vyeti vilivyokaa kwenye simu yako baada ya kazi kwisha, hapo mwenye uamuzi ni wewe, hakuna mwingine wa kumsukumia.

Kuhusu usajili, sheria inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi ajisajili. Haikuanza kwa kuuliza una vyumba vingapi. Unajaza fomu kwenye mfumo wa Tume mtandaoni, unaeleza taarifa za aina gani, za nani, kwa lengo gani na unazilindaje, kisha unalipa ada. Cheti kinadumu miaka mitano. Hapo kwenye "unazilindaje" ndipo tulipokaa siku nyingi kuliko kwingine kote, kwa sababu zahanati ilikuwa na kompyuta ya mapokezi isiyo na nywila na mafaili ya wagonjwa kwenye meza ambayo kila mtu anapita.

Angalia pia taarifa nyeti. Afya imo, taarifa za watoto zimo, miamala ya fedha ya mtu imo. Hizo zinadai ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Kama unaprinti ripoti za shule zenye picha za watoto, usiziweke kundi moja na tangazo la harusi.

Adhabu: mtu binafsi akitoa taarifa za watu kinyume cha sheria, faini ni kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Laki mbili za yule kijana zipime na hapo.

Karani_Tandahimba:
Mimi ni karani wa AMCOS, hivyo vyama vya msingi mnavyovisema, nadhani mnatutisha bure. Sisi orodha tunaibandika ukutani pale ghalani, kila mkulima aje ahakiki kilo zake. Zamani haikubandikwa, na wakulima waliibiwa kilo kwenye mizani wakakosa pa kuanzia. Leo mzee anasoma jina lake, anasema hapa nimepunjwa, tunarekebisha. Mkizificha orodha kwa jina la sheria, anayefaidika ni mwizi wa ndani.

BintiMikindani:
Kaka, hoja yako ni nzito na naikubali, hata mjomba alishawahi kurudishiwa kilo 40 kwa sababu ya ukuta huo. Lakini nikuulize: ili mzee ahakiki kilo zake, namba yake ya akaunti na ya simu zinafanya nini ukutani? Mwenye orodha ya simu ndiye anayempigia. Wengine wanatafuta wenye shida ya haraka wawanunulie kangomba, yaani korosho nje ya mnada kwa bei ya kutupa. Jina na kilo zibandikwe. Hayo mengine yabaki kwenye faili la benki.

Karani_Tandahimba:
Hapo umenishika. Ile orodha tunaiprinti jinsi ilivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia tuondoe safu mbili. Nitalipeleka kwa mwenyekiti kabla ya mnada ujao.

Mama_Wageni_Lindi:
Nina nyumba ya wageni. Daftari langu la mapokezi lina jina, kabila, umetoka wapi, unaenda wapi, simu. Liko wazi mezani. Mwezi uliopita dada mmoja aliyelala kwangu alisumbuliwa na simu za mwanaume aliyesaini mstari wa chini yake. Alinilaumu, na alikuwa na haki. Sasa daftari linakaa kwenye droo, na anaandika mhudumu, siyo mgeni.

Tehama_Lindi:
Mama umefanya la maana. Dada BintiMikindani, mambo mawili ya kifundi. Ukifuta faili, linakwenda kwenye pipa la takataka la kompyuta, kwa hiyo limwage nalo. Na kama mashine yako ya kopi ni zile kubwa za ofisi, nyingi zina diski ndani inayoweza kutunza picha za kurasa. Siku ukiiuza, mwambie fundi aisafishe kwanza. Na mjomba, malalamiko yanapokelewa na Tume, lakini hela iliyotapeliwa aripoti polisi pia, akiwa na namba iliyompigia na muamala wake.

BintiMikindani:
Asanteni sana. Narudi kuwaambia nilichofanya. Nilimwita karani wangu, akakaa kwenye kiti pembeni yangu, tukafuta orodha moja moja huku anaona. Tumeandikiana karatasi ya ukurasa mmoja: naprinti, namrudishia flashi, sibaki na kitu. WhatsApp ya duka nafuta kila jioni kabla ya kufunga, na nimeandika hivyo kwa maandishi makubwa mlangoni ili mteja ajue. Kopi zilizoharibika nilikuwa nampa mama wa karanga afungie. Wiki hii nilipekua rundo lake nikakuta fomu ya hospitali yenye jina la mtu ninayemfahamu. Nimezirudisha zote, nimezichoma, na yeye nimempa magazeti.

Fomu ya Tume nimeanza kuijaza, nimefika hapo hapo kwenye "unazilindaje". Jumamosi nafunga duka naenda Nanyamba. Muamala wa mjomba bado upo kwenye simu yake, nimemwambia asiufute, na nina neno la kumwambia kabla hatujakwenda polisi.