Mdogo wangu anakataa dawa za akili. Nimwekee kwenye uji?

DadaMkubwa_Kihonda

Habari zenu wana jukwaa. Naomba ushauri kwa waliowahi kuuguza mgonjwa wa akili nyumbani, hasa kuhusu dawa.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Ni fundi wa kuchomelea hapa Morogoro, mageti mengi ya mtaa wetu kachomelea yeye. Mwaka jana alianza kukesha. Akawa anaziba matundu ya dirisha kwa magazeti, anasema watu wa mtaa wa pili wanamsema redioni. Akaacha kuoga, akaacha kazi. Mama alianzia kwenye maombi, baba mdogo akampeleka kwa mganga Kilosa, hali ikazidi. Usiku mmoja alitoka na nondo akitaka kwenda kuwavamia hao wa redioni. Ndugu wakamfunga kamba, kulipokucha tukampeleka hospitali. Alilazwa, tukaambiwa ni skizofrenia.

Wodini alipata nafuu ya kweli. Alitoka anaongea vizuri, anaulizia wateja wake. Alipewa haloperidoli, ya asubuhi na ya jioni. Mwanzoni alimeza bila shida. Sasa anabana vidonge chini ya ulimi, halafu nakuta mfukoni mwa suruali nikifua. Nikimuuliza anajibu, "Hizo dawa zinaniua," basi, anageukia ukuta.

Shangazi amekuja kutoka Ifakara kutusaidia. Anasema kumbembeleza mgonjwa ni kupoteza muda, tuvisage tumwekee kwenye uji. Mama amekubali. Uji nyumbani napika mimi, na mkono wangu umekataa. Huyu mtoto nimembeba mgongoni mama akiwa sokoni, namjua. Akigundua hatanisamehe. Lakini nikikumbuka ule usiku wa nondo naogopa vilevile.

Waliopitia hili mlifanyaje? Na ile sindano ya mwezi, naweza kuiomba ili tuachane na vidonge?

FundiSaa_Dom

Pole sana dada. Nitakuwa wa kwanza kusema usichotegemea: weka.

Mke wangu anaumwa ugonjwa wa akili tangu alipojifungua mtoto wa pili. Alipozidiwa alikuwa hajui kama anaumwa. Utamwomba ridhaa mtu ambaye kwa wakati huo haamini kuwa ana ugonjwa? Nilimwekea kwenye mchuzi, akatulia, ndipo akakubali kwenda hospitali kwa miguu yake. Leo anauza vitenge na watoto wana mama. Watu watakwambia habari za haki za mgonjwa, na ni kweli zipo. Watoto wangu nao walikuwa na haki ya kulala ndani. Kama kuna nondo kwenye hadithi yako, fanya linalowalinda wote.

Mtoto_wa_Pongwe

Dada, mimi ni huyo mdogo wako. Nina ugonjwa huohuo, niko Tanga, nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi. Kwangu waliniwekea kwenye chai.

Naomba uelewe ilivyokuwa upande wangu. Ugonjwa ulikuwa unaniambia kwamba watu wa nyumbani wananiwekea sumu. Kaka alikaa na mimi usiku mwingi akiniapia kuwa si kweli, na nilikuwa nimeanza kumwamini. Siku moja nikamaliza chai nikaona unga mweupe chini ya kikombe. Hapo hata angekuja nani singemsikiliza, kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Nikawa nakula mayai ya kuchemsha niliyomenya mwenyewe na ndizi, basi. Nilikonda hadi nikalazwa kwa kukonda. Kaka yangu nilimpenda sana na ilichukua muda mrefu kula tena chakula alichoshika.

Halafu kuhusu hizo dawa. Haloperidoli mimi ilinifanya nishindwe kukaa. Si wasiwasi wa moyoni, ni miguu. Inadai kutembea, unakaa mezani tonge la pili hujalimaliza umeshasimama. Watu wanasema "bado kachanganyikiwa", kumbe ni dawa. Wengine mdomo unajaa mate, wengine shingo inapinda. Mdogo wako anapokwambia zinamuua, muulize zinamfanya nini na wapi mwilini. Muulize mkiwa wawili, shangazi asiwepo.

Fundi nakuheshimu kaka yangu, mkeo amepona na hilo ni jambo kubwa. Ila huyu kijana ameshatoka wodini, anaongea, anauliza kazi. Mtu anayeulizia wateja wake anaweza kuulizwa kuhusu vidonge vyake.

Muuguzi_Mstaafu

Mwanangu wa Kihonda, nimefanya kazi wodi za akili maisha yangu yote ya utumishi, nilianzia Mirembe nikiwa binti. Nakujibu nikiwa na haraka ya jambo moja: kabla ya kujadili uji, mrudishe kliniki wiki hii, usisubiri tarehe iliyo kwenye kadi.

Kijana wa kiume wa umri huo akipewa haloperidoli, kukakamaa ni jambo la kutarajia kabisa. Taya kubana, shingo kwenda upande, macho kupanda juu, mikono kutetemeka, huko kutotulia alikokueleza kijana wa Tanga. Familia nyingi zikiona shingo imepinda hukimbilia kusema jini limerudi. Ni dawa, na inatibika. Daktari anaweza kupunguza dozi, anaweza kuongeza Artane ya kulegeza mwili, au akambadilishia akampa risperidoni au olanzapini. Hiyo olanzapini ina mambo yake, huongeza uzito na sukari, lazima apimwe. Artane ikitolewa itunze wewe, maana vijana wengine huitumia kwa kulewa. Na akipata homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa ghafla, usingoje asubuhi, hiyo ni dharura.

Uji. Ukisaga ukachanganya, akinywa nusu bakuli amepata dozi gani? Daktari akiuliza anameza vipi utasema nini mbele yake? Na taya likimbana akiwa hajui kama amekunywa dawa, ataogopa kiasi gani? Baba wa Dodoma alikuwa na mke asiyejitambua na watoto ndani, simhukumu. Lakini mtu akifikia hatua ya kuhatarisha maisha, yake au ya wengine, mahali pake ni hospitali, ambako anapewa sindano waziwazi mbele ya watu wanaojua kipimo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mgonjwa kulazwa bila ridhaa yake na inaweka utaratibu wa kufuata. Uji hauna utaratibu.

Sindano ya mwezi ipo, ile iliyozoeleka ni flufenazini, wengi huiita Modecate. Ni nzuri kwa anayechoshwa na vidonge vya kila siku, nimeona watu wakirudi kazini kwa sindano hiyo. Ila usiichukue ili kumkwepa. Inatoka ukoo mmoja na haloperidoli kwa habari ya kukakamaza. Kidonge kikimsumbua anaacha kesho, sindano ikishaingia haitoki, atakaa na madhara yake kwa majuma. Kwa hiyo kwanza tatizo la mwili litatuliwe, halafu sindano aiombe yeye.

Jambo linalowadanganya wengi: akiacha dawa leo haugui kesho. Anaweza kukaa wiki, hata miezi, yuko vizuri, na kwa kuwa kutetemeka kumekwisha anaonekana mzima kuliko alipokuwa anameza. Mama atasema maombi yamejibu. Halafu usingizi unapungua. Wewe tazama usingizi. Na bangi isimkaribie hata kidogo, ukiwajua rafiki zake wa karakana ongea nao.

Kama pesa inawabana, nenda dirisha la ustawi wa jamii hospitali ya serikali mnakotibiwa. Magonjwa ya akili yamo kwenye msamaha wa ada, lakini usipouliza mara nyingi hakuna wa kukwambia. Dawa zikiisha dirishani omba maandishi ya dozi kamili, usinunue duka la dawa kwa kukisia jina.

DadaMkubwa_Kihonda

Asanteni sana. Nimesoma majibu yote, ya Fundi pia, nimeyasoma na mama kwa sauti.

Nilimngoja shangazi aende gengeni, nikakaa na mdogo wangu nyuma ya nyumba tukichambua mchicha. Nikamuuliza kama alivyosema kijana wa Tanga, zinakufanya nini. Alinyamaza, halafu akasema taya linabana jioni hadi hawezi kutafuna. Akasema alikwenda karakana siri siri kujaribu kazi, mkono ukatetemeka hadi rodi ikagandia kwenye chuma, na wenzake wakamcheka kwa mate yaliyokuwa yanamtoka. Ndipo alipoanza kuficha vidonge. Alitaka mikono yake, hilo tu. Niliumia sana kusikia, na nilifurahi kwamba ameniambia mimi.

Tumekwenda kliniki. Foleni ilikuwa ndefu lakini daktari alimsikiliza mwenyewe, hakuniuliza mimi, na hilo lilimfurahisha mdogo wangu kuliko dawa. Amepunguziwa dozi, ameongezewa Artane, ameambiwa taya lisipolegea arudi abadilishiwe. Sasa anameza mbele yangu bila kuambiwa. Shangazi hajaridhika, ila uji unabaki uji.

Limebaki la mama. Kanisani kuna mkesha wa maombi na mfungo, na mama amesikia kwamba anayefunga anatakiwa aweke dawa pembeni kuonyesha imani. Mama yangu si mtu mbaya, amelia kwa ajili ya huyu mtoto kuliko sisi wote. Sitaki kumvunjia heshima wala kumtenga na maombi yake. Nifanyeje?

Muuguzi_Mstaafu

Umefanya vizuri sana mwanangu.

Mama usimpinge, mtangulie. Nenda naye kwa mchungaji kabla ya mkesha, mdogo wako akiwepo kama anataka, mumweleze mchungaji ugonjwa kwa jina lake na dawa kwa majina yake. Ombeni amwombee akiwa anameza. Wachungaji wengi niliofanya nao kazi walikubali walipofuatwa mapema na kwa heshima. Na neno la mchungaji kwamba "meza dawa" mama atalipokea kuliko langu au lako.

Mkesha wenyewe asiende. Kukosa usingizi usiku kucha kunaweza kumrudisha kule kwenye redio, hata kama anameza dawa. Aende maombi ya mchana. Mfungo nao aufanye mama kwa niaba yake, yeye ale, dawa na mwili uliochoka kwa njaa vinaweza kumletea kizunguzungu.

Tarehe ijayo ya kliniki mwende na mama. Aingie ndani kwa daktari, aulize mwenyewe, hata kuhusu majini akitaka, daktari ameshayasikia. Kazi aanze nusu siku, asipande ngazi wala asishike mashine ya kuchomelea mpaka mikono itulie. Kuna kupaka rangi na kupiga msasa kwenye karakana, aanzie hapo, mmiliki umwombe wewe. Waliomcheka nao waelezwe na mmiliki, si na yeye.

Mtoto_wa_Pongwe

Dada, mwambie mdogo wako kama atapenda kuongea na mtu anayemeza dawa hizohizo nipo, nitumie ujumbe wa faragha. Mimi mikono ilitulia baada ya kubadilishiwa dawa, na sasa napima rangi na kukata mabomba siku nzima.